Mitungi ya verni, na mambo ambayo mkono unayajua



Siku ya posho mkienda sokoni, simameni kidogo karibu na meza ya vitenge mtazame. Mama anayenunua haanzi kwa macho, anaanza kwa kushika. Anaweka kitambaa katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, anakisugua mara mbili tatu, anakikunja ndani ya ngumi na kukiachilia aone kama kitabaki na mikunjo, kiisha anakigeuza upande wa ndani. Hapo ndipo anauliza bei. Na muuzaji, akiona mama amekigeuza, anajua ya kwamba leo hakuna kudanganyana.

Kile anachokitafuta upande wa ndani ni nyufa. Waksi ya kweli ina mistari myembamba inayokatakata ndani ya rangi, kama udongo wa njia uliokauka kiangazi. Mistari ile haikuchorwa na mtu. Kitambaa kinapakwa utomvu pande zote mbili kwa mfano wa picha, utomvu ukikauka unavunjwavunjwa, na kitambaa kikitiwa katika rangi, rangi inaingia penye nyufa. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, inafanya hivyo mpaka leo, na kazi yenyewe ilianza kwa kuiga batiki za kisiwa cha Java. Kitenge cha bei ndogo nacho kina nyufa, lakini ni picha ya nyufa, imechapwa upande mmoja tu. Ukikigeuza, rangi imefifia.

Sasa angalieni jambo hili. Katika vitenge vyote viwili, ukipitisha kidole juu ya nyufa, hakuna ufa. Ni laini. Nyufa zile ni za jicho peke yake. Lakini uzito wa pamba, ugumu wake, namna inavyorudi ukiikunja, hayo ni ya mkono, na jicho haliyaoni. Wanaosoma sanaa kwa Kifaransa wana neno moja kwa hayo yote, wanasema tekstiri. Sisi katika karatasi hii tutasema mguso: mguso wa mkono, na mguso wa jicho. Msanii anayejua kazi anatumia yote miwili, na anajua wakati wa kutumia huu na wakati wa kuacha ule.

Tunaandika habari hii kwa sababu ya mitungi thelathini.

Wengi wenu mmesikia vipande vipande, tena vingine vya uongo, basi tuseme wenyewe. Mwanzoni mwa kiangazi alikuja mnunuzi mmoja. Alitaka mitungi ya maji thelathini, ya kuweka mahali pa kulia watu, na alisema wazi: ing'ae kama sahani. Alitoa nusu ya pesa. Sisi tukafurahi. Wafinyanzi wetu wakafanya mitungi, ikachomwa vizuri, hata mmoja haukupasuka. Kiisha tukatoa pesa katika sanduku, tukanunua verni dukani, tukaipaka mitungi yote nje na ndani, mara mbili. Iling'aa kweli. Tulipiga picha.

Koko mmoja wa ng'ambo, wa Alunguli, ambaye ndiye aliyewafundisha wafinyanzi wetu wengi, aliambiwa habari hiyo. Alisema neno moja tu: mtungi usiotoka jasho ni ndoo. Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya uzee.

Mnunuzi alichukua mitungi kumi na miwili kwanza. Baada ya majuma mawili alirudi na kumi. Miwili ilikuwa imeteleza katika mikono yenye maji na kuvunjika, na ile kumi, alisema, maji yake ni ya moto kama ya bidoni, tena yananuka rangi. Alitaka pesa yake. Hakuwa na kosa katika hilo, ingawa verni aliitaka yeye. Sisi ndio wenye kazi, ilitupasa kumwambia. Tulilipa kutoka sanduku, na pesa ile, wamama wote wa kikundi wanajua, ilikuwa ya minervali ya watoto wa sekondari. Wengine wetu tulikwenda kuomba waalimu watungoje.

Basi siku moja asubuhi tulivuka mto kwa mtumbwi, wamama watano na mtungi mmoja wa verni, kwenda kumwuliza koko kile tulichopaswa kumwuliza kabla.

Koko ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kuume linaona mwangaza tu. Lakini anafinyanga bado. Tulimkuta ameketi juu ya mkeka, udongo mbele yake, na kando ya goti vitu vyake vyote vimepangwa: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la mahindi, kamba fupi iliyosokotwa, na jiwe moja jeusi la mtoni lililokuwa laini kuliko yai. Hakuangalia wakati wa kuchukua kitu. Mkono ulikwenda penyewe.

Alitwaa mtungi wetu, akapitisha kiganja kutoka mdomoni mpaka chini, akautikisa kichwa. "Huu mmeuziba mdomo," alisema, na alikuwa haongei juu ya mdomo wa juu.

Kiisha alitupa mtungi wake mwenyewe wa zamani, akasema tufumbe macho. Tuliona haya kidogo, wamama wazima kufumba macho kama watoto wa mchezo, lakini tulifumba. Shingo ya mtungi ilikuwa laini, karibu na utelezi. Mabegani vidole vilikutana na mistari, safu moja ya vidoto, safu ya mistari ya kulala, tena vidoto. Tumboni kulikuwa na mkwaruzo, kama ulimi wa mbuzi. Na chini, mahali unapokaa juu ya kata kichwani, mkwaruzo ulikuwa mkali zaidi.

Tulipofumbua macho alieleza. Shingo inasuguliwa kwa jiwe udongo ukiwa haujakauka sana, ili mdomo wa kata ya kunywea usikwaruzwe na uchafu usishike. Mabega yanapambwa kwa kamba au gunzi linalozungushwa juu ya udongo mbichi, na pambo lile linashika vidole vya mama anayeinua mtungi wenye maji, usiteleze. Tumbo halisuguliwi. Linaachwa na vijitundu vyake, kwa sababu maji kidogo yanapita katika udongo, yanatoka nje kama jasho, upepo unayakausha, na katika kukauka yanaondoa joto la yale yaliyobaki ndani. Hiyo ndiyo baridi ya mtungi. Haina siri nyingine. Sisi tulikuwa tumefunga kila kitundu kwa verni, nje na ndani, mara mbili.

"Na kama mtu anataka ing'ae?" tuliuliza.

Alitafuta jiwe lake jeusi, akalipitisha juu ya shingo ya chungu kibichi, taratibu, mahali pamoja, tena na tena. Baada ya muda udongo ulianza kutoa mwangaza wake. Kung'aa kunatoka katika jiwe, alisema, hakutoki katika kopo.

Tuliporudi, mmoja wetu ambaye ni mwalimu wa sekondari alisema kazi ile ya jiwe imempeleka mama mmoja mbali sana. Anaitwa Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, na mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wamama wafinyanzi, mmoja wao Ladi Kwali, mwenye sifa kubwa. Mpaka leo hatumii gurudumu. Anapandisha udongo kwa mkono, anaukwangua, anausugua kwa jiwe, hapaki kitu cha kioo juu yake. Akiuchoma kwa moto wenye hewa nyingi unatoka mwekundu kama machungwa, na akiuchoma mara ya pili kwa moto ulionyimwa hewa unatoka mweusi. Vyombo vyake viko katika majumba makubwa ya sanaa, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha heshima. Udongo, jiwe na subira. Koko wa Alunguli hana cheo, ila vifaa ni vilevile.

Tangu siku ile tumekuwa tukikusanya habari za namna hii kila Jumatano baada ya kazi, na tunawapa hapa zile zilizotugusa.

Tuanzie nyumbani, kwa Balega wa Pangi, na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga. Kazi zao za sanaa zinajulikana duniani pote: vichwa na sanamu ndogo za pembe ya ndovu, za mfupa, za mti, na nyuso ndogo. Zilikuwa mali ya watu wa Bwami. Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa kati ya Balega katika miaka ya 1950, akaandika mengi juu yao, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1973. Jambo ambalo mtu akitazama picha hawezi kulijua ni kwamba nyingi ya vitu vile ni vidogo, vinaingia mkononi. Havikufanywa vya kutazamwa kutoka mbali. Vilishikwa, vilipangwa chini, vilibebwa, tena vilipakwa mafuta na kusuguliwa namna mtu anavyojipaka mwili wake. Miaka ikipita, pembe nyeupe iligeuka njano, kiisha nyekundu, kiisha kahawia kama asali ya zamani. Ulaini ule haukutoka kwa fundi peke yake, ulitoka kwa mikono ya baba, na ya mtoto aliyerithi, na ya mjukuu. Fundi alianza, ukoo ukamalizia.

Na ile sura ndogo ya mti inayoitwa lukwakongo, ina miguso mitatu kwa pamoja. Mti wenyewe ni laini. Uso umepakwa udongo mweupe, mkavu, unaobaki kidoleni kama unga. Na chini zinaning'inia ndevu za nyuzi, zenye kukwaruza. Haikuwa kwa kuvaa usoni tu. Ilishikwa mkononi, ilifungwa juu ya paji, ilitundikwa juu ya ua, hata ilikokotwa chini kwa ndevu zake. Wamama, tusipite bila kusema: katika Bwami mwanaume hakuweza kufika vyeo vya juu bila mke wake kuingizwa pamoja naye. Hilo nalo limo katika vitabu, na koko zetu walituambia kabla ya vitabu.

Mwaka 1948 serikali ya wakoloni ilikataza Bwami. Vitu vingi vilichukuliwa au viliuzwa. Vingine leo viko Tervuren, karibu na Bruxelles, nyuma ya kioo. Vinatunzwa vizuri, hatukatai. Lakini hakuna anayevipaka mafuta. Vinakauka kama ngozi ya mtoto asiye na mama. (Na tafadhali, mtu asielewe vibaya: pembe ya ndovu leo haichongwi wala haiuzwi. Biashara yake kati ya nchi na nchi ilikatazwa mwaka 1989, na ndovu wetu wamekwisha vya kutosha. Tunaongea juu ya mguso, siyo juu ya pembe.)

Ukipanda Lualaba mpaka katika nchi ya Baluba, kuna kitu kilichotushangaza kuliko vyote. Kinaitwa lukasa. Ni kibao cha mti kinachoshikika mkononi, chenye kiuno chembamba, kimepigiliwa shanga na makombe ya konokono, pengine kimechongwa mistari. Watu wa chama cha Mbudye walikishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga moja moja. Shanga hii kubwa ni mfalme, mstari huu ni safari, kundi hili ni watu waliomzunguka. Historia ya ufalme ilisomwa kwa kidole. Hatukuamini mara moja. Kiisha tukamkumbuka koko na vitu vyake kando ya goti, tukaamini.

Na Basongye, jirani zao, sura zao za kifwebe zimechongwa mifereji mingi iliyopangwa karibu karibu kama shamba lililolimwa matuta. Kwa mbali jicho linaona mistari inayotembea. Kwa karibu kidole kinaingia ndani ya mfereji. Hapo mguso wa jicho na wa mkono ni kitu kimoja.

Lakini kama kuna kazi moja ambayo kila mama wa Kindu angeipenda kuishika walau mara moja, ni kitambaa cha Bakuba wa Kasai, kile ambacho wengine wanakiita velu ya Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa cha nyuzi za rafia, kigumu kama gunia. Kinapondwa katika kinu mpaka kilainike. Kiisha kinakuja kwa wanawake. Mama anachukua sindano na uzi mwembamba wa rafia, anaupitisha chini ya uzi mmoja wa kitambaa, anauvuta mpaka ncha ibaki kidogo tu, anaukata kwa kisu kidogo. Hafungi fundo. Kitambaa kimefumwa kwa kubana hivi kwamba uzi haukimbii. Anakwenda kwa uzi wa pili. Na wa tatu. Kitambaa kimoja kinaweza kula miezi. Kikiisha, ukipitisha kiganja juu yake, ni nywele za mtoto mchanga.

Sasa linganisheni. Rafia ni ileile tunayoijua. Yule mwenye kinu na sindano ameigeuza velu kwa kukata tu. Hakuongeza kitu. Na picha yenyewe, zile pembe pembe na mistari inayovunjika njiani na kugeuka, wengi wao hawaichori kwanza. Wanaitoa kichwani. Mara nyingi mama anabadilisha njia katikati, na kitambaa kinaonekana kama kinatembea. Rangi nyekundu ni unga wa mti wa ngula. Vitambaa hivyo vilikuwa mali ya kweli, vilitandazwa penye kilio na kuzikwa pamoja na wafu wenye heshima. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, aliyekuwa na sifa Ulaya pote, alikuwa navyo vingi, akavitundika ukutani mwa nyumba yake ya kazi na kuvitazama miaka. Jina lake tunalijua. Majina ya wamama waliokata nyuzi zile, hakuna aliyeyaandika. Sisi tumelihesabu hilo kama deni, na ndiyo sababu siku hizi kila mkeka na kila mtungi unaotoka katika kikundi chetu una jina la mama kwa wino chini yake.

Upande wa wachoraji wa rangi, mambo ni mengine, maana mchoraji ana uso ulio sawa tu, na lazima adanganye jicho kwa uzuri. Majani ya nyumba anayafanya kwa mistari mifupi mingi. Mchanga ni vidoto. Ngozi yenye jasho ni doa moja jeupe mahali panapostahili. Ukigusa, yote ni rangi ileile. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi yetu katika miaka ya 1970, picha baada ya picha, na alizichora juu ya nguo ya magunia ya unga. Hakuwa na nyingine. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikusanya picha 101 kwake na kuongea naye juu ya kila moja kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha Kongo, na maongezi yakawa kitabu mwaka 1996. Sisi tunaona gunia lile ni sehemu ya habari. Historia ya watu waliokula unga ule, juu ya gunia la unga uleule.

Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1967, anafanya kinyume: hapaki, anaunganisha kwa moto wa chuma. Anaokota maganda ya risasi, vijiko, funguo, mapanga, anavichomelea mpaka vinakuwa miili ya watu, mara nyingi ya wanawake wenye mimba. Tuliona picha zake tu. Lakini hata katika picha mkono unajirudisha nyuma. Hakuna mtu atakayetamani kupapasa tumbo lililofanywa kwa maganda ya risasi, na sisi wa Maniema hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Mama mmoja wa kikundi alitazama picha ile kwa muda mrefu, akatoka nje kidogo, akarudi. Hatukumwuliza kitu.

Jambo la mwisho katika safari hii linahusu bei, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mwaka 2022 Uganda iliingia kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, na majaji waliitaja kwa sifa. Mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa mama, Acaye Kerunen. Kazi zake ni za kusuka na kushona: rafia, nyuzi za mgomba, majani, vitu vya mikeka na vikapu, vikubwa kama ukuta, vyenye kuning'inia. Anafanya kazi na vikundi vya wamama wasukaji. Wamama wa vijijini kama sisi. Kule pwani, Zanzibar, wanasuka kwa majani wanayoyaita ukindu, jina hilo lilituchekesha sana, nao pia mikeka yao inauzwa kwa wageni kwa sababu ya mkono ulioisuka.

Sisi hapa tunauza mkeka kwa urefu. Mnunuzi anapima, anasema mita mbili ni pesa kadhaa. Mkeka uliosukwa mbio na mkeka ambao kila jani limepasuliwa kwa upana mmoja, ambao ukilala usiku hauachi alama mgongoni, bei ni moja. Kosa ni letu, tunamwonyesha ukiwa umekunjwa. Tangu juma lililopita tumejaribu jambo dogo: tunautandaza, tunamwambia mnunuzi avue viatu apande. Hatusemi neno. Mikeka mitatu imeuzwa hivyo kwa bei tuliyoitaja sisi, na mmoja haukuuzwa, mwenye kununua alisema miguu yake michafu. Tutaendelea kujaribu.

Kwa watoto nyumbani, mna jambo la kufanya bila gharama. Chukueni jani lenye mishipa mikubwa, la muhogo au la mpapai, liwekeni chini ya karatasi nyembamba, mtoto asugue juu yake kwa kipande cha makala kilicholazwa ubavu. Mishipa yote inatokea. Kiisha jaribuni kwa mkeka, kwa ungo, kwa sarafu ya zamani, kwa ubao wa mlango, kwa soli ya kiatu. Halafu changanyeni karatasi, mtoto afumbe macho, aguse vitu vyenyewe, afumbue, atafute karatasi ya kila kitu. Wetu wenye miaka sita walitushinda. Kijana mmoja aliyekuwa anasema mikeka ni kazi ya wazee amesugua mkeka wa bibi yake mara nne, maana alitaka kuelewa jani linapita wapi, na sasa anauliza.

Mitungi, basi. Ilibaki ishirini na minane. Wengine walisema tuiuze hivyo hivyo ya kuwekea maharagwe. Koko alisema hapana, irudishwe motoni, verni itaungua. Tulijaribu miwili kwanza, katika shimo, kwa kuni kavu na makumbi ya mawese juu. Moshi ulikuwa mbaya na ulinuka mpaka kwa majirani, tuliomba radhi. Mmoja ulipasuka. Wa pili ulitoka umejaa madoa meusi, mbaya wa kutazama kabisa, verni yote imekwisha. Tuliuosha, tukaujaza maji jioni, tukauacha juu ya sahani karibu na mlango wa katibu wetu. Asubuhi sahani ilikuwa na maji.

Ishirini na sita iliyobaki tutaichoma siku ya posho hii ijayo, saa mbili asubuhi, kwenye lupango ya katibu. Koko atavuka, mtumbwi wake tumekwisha kulipa. Kila mama alete kuni kavu kidogo, na kama nyumbani kuna chungu, kikapu au mkeka wa mama mkubwa au wa koko, hata kama umekatika, alete nao. Koko anataka kuushika.